Bima ya pikipiki Uingereza kwa aliyefika karibuni: wanayempima ni wewe, siyo pikipiki

#1 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu waliofika Uingereza karibuni, na wote wameuliza jambo moja: "Kaka, pikipiki nimeshaipata kwa bei nzuri, sasa bima nafuu nakata wapi?" Kila mmoja nilizungumza naye nusu saa nzima, na kila mara nilikata simu nikiwa na wasiwasi kwamba lile la muhimu halijamwingia. Ndiyo maana naliandika hapa, mtu alisome taratibu kabla hajatoa hela.

Mimi si wakala wa bima wala mwanasheria. Ni mfanyakazi wa kea, naangalia wazee majumbani mwao, na pikipiki ndiyo miguu yangu. Ninayoeleza ni ya England, Uskoti na Wales. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake.

Nilifika Oktoba 2023. Mzee wangu wa kwanza natakiwa niwe mlangoni kwake saa 12 na nusu asubuhi, na kwa siku naweza kupita nyumba saba au nane, mitaa tofauti. Basi la kwanza lilikuwa linanichelewesha. Dar nilipanda pikipiki miaka 9, Mbagala hadi Posta, mvua na jua, sikuwahi kumgonga mtu wala kugongwa. Nikajiambia: nanunua ya cc 125, nakata bima ndogo, maisha yanaendelea.

Tanzania tumezoea hivi: unampelekea wakala kadi ya pikipiki, unalipa, taarifa zinaingia kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, umemaliza. Akipanda mdogo wako au akiazima jirani, bima ni ileile, kwa sababu imekatiwa chombo. Huku bima humfuata mtu. Pikipiki ileile, mtaa uleule, watu wawili watapewa bei mbili zisizokaribiana. Na asiyeandikwa kwenye ile bima akiipanda, hana bima, hata kama wewe mwenye pikipiki umelipa mwaka mzima.

Nilipofungua fomu mtandaoni ndipo nikaelewa. Umezaliwa lini? Umeishi Uingereza tangu lini? Leseni yako ni ya nchi gani na unayo kwa muda gani? Una miaka mingapi bila kudai fidia? Unafanya kazi gani? Pikipiki inalala wapi usiku, imefungwa kwa kufuli gani? Utaitumia kwa shughuli gani? Kuhusu pikipiki yenyewe waliuliza namba tu, mengine kompyuta ikayajaza yenyewe.

Bei ya kwanza niliyopewa ilikuwa pauni 1,640 kwa mwaka. Pikipiki niliyotaka kununua ilikuwa pauni 1,100. Niliitazama ile namba muda mrefu. Iliniuma, sitaficha, kwa sababu nilijua mimi ni dereva mwangalifu. Lakini ile miaka 9 ya Kilwa Road haimo popote kwenye kumbukumbu zao. Kampuni inapanga bei kwa kusoma historia ya mtu, na mimi nilikuwa ukurasa mtupu. Mtu wa namna hiyo humhesabu pamoja na kijana wa miaka 17 aliyeshika usukani jana.

Basi kazi ya mgeni ni kuanza kujaza ule ukurasa, tena kwa ukweli. Nitaanza na leseni, maana ndiko wengi wanakojikwaa.

Mtu mwenye leseni kamili ya Tanzania, Kenya au Uganda anaruhusiwa kuendesha kwa leseni hiyo kwa miezi 12 tangu siku alipohamia kuishi huku, kwa vyombo vilivyoandikwa kwenye leseni. Kama leseni yako ina daraja la gari tu, haikuruhusu pikipiki, hata uwe umepanda tangu utotoni. Miezi 12 ikiisha, leseni ile haina nguvu tena, na kwenda likizo nyumbani na kurudi hakuanzishi hesabu upya kwa mtu anayeishi huku. Nchi zetu hazimo kwenye orodha ya wale wanaobadilishiwa leseni bila mtihani. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, sisi hatumo. Kwa hiyo mtihani utaufanya, swali ni lini.

Hapa nilipata ushauri wa dada mmoja wa kazini ambao namshukuru hadi leo. Aliniambia nisisubiri hadi ile miezi 12 ikaribie kuisha. Nikaomba leseni ya kujifunzia DVLA, ile mamlaka ya leseni, kwa njia ya mtandao, pauni 34. Wanataka uwe na ruhusa ya kuishi nchini angalau siku 185 na uweze kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Kisha nikafanya CBT, yale mafunzo ya lazima ya msingi ambayo yapo tangu 1990. Ni siku moja: unaanza uwanjani na koni, breki, kona, halafu unaingia barabarani si chini ya saa mbili, mwalimu nyuma yako anakusemesha kwa redio sikioni. Mimi nililipa pauni 155, shule nyingine wana bei zao.

Niseme kweli, nilikwenda nikidhani napoteza muda. Mwalimu alinisimamisha mara nne kabla ya chakula cha mchana. Sikuwa natazama nyuma ya bega kabla ya kuhama njia, kwa sababu nyumbani nilitegemea saiti mira na honi. Kwenye kipilefti nilikuwa naingia kwa kuviziana macho na dereva mwingine. Hivyo huku havifanyi kazi. Kinachonifariji ni kwamba upande wa barabara ni uleule wetu, kushoto.

Cheti cha CBT hudumu miaka 2. Ukiwa na hicho na leseni ya kujifunzia, kuanzia miaka 17 unapanda hadi cc 125, unabandika kibao cha L cha mwanafunzi mbele na nyuma, hubebi abiria, huingii zile barabara kuu za kasi wanazoziita motorway. Sasa angalieni bei: kwa leseni ya Tanzania kampuni nyingi zilinikataa moja kwa moja, na zilizokubali ndizo zile za pauni 1,600. Kwa leseni ya kujifunzia ya huku na CBT, pikipiki ileile, nilipata pauni 910. Mpandaji ni yuleyule. Tofauti ni kwamba sasa walikuwa na karatasi wanayoijua.

Naendelea chini, nina zamu jioni.

#2 Binti Makorora

Asante kaka kwa uzi. Mimi niko Leicester, nasoma. Nimemaliza CBT mwezi uliopita na nataka kununua skuta nipeleke chakula jioni, ada ya chuo imenibana sana. Wenzangu wanasema nikate bima ya kawaida, eti ile ya kupeleka chakula ni ghali na hakuna anayekagua. Nishauri.

#3 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Dada yangu, pole na ada. Naomba unisikilize vizuri hapa, maana jambo lako lina mambo mawili na la kwanza ni zito kuliko bima.

Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Wale wapeleka chakula wa programu za simu kwa kawaida wanahesabiwa wamejiajiri, hawana mwajiri. Kwa hiyo hata ukikata bima sahihi kabisa, unavunja masharti ya viza. Zile saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa wakati wa masomo ni za kuajiriwa. Wapo wanaokodi akaunti ya mtu mwingine. Usifanye. Umetumia akiba ya ukoo mzima kufika hapo, usiiweke rehani kwa sahani za piza. Tafuta kazi ya kuajiriwa, hata ya jikoni au ya kea, ndani ya saa zako.

Sasa la bima, na hili nalisema kwa wote. Kwenye fomu kuna swali la matumizi, na ndilo swali wageni wengi wanalijibu harakaharaka. Kuna matumizi ya matembezi yako binafsi. Kuna matembezi pamoja na kwenda na kurudi kazini. Kuna ya kikazi, kwenye fomu yameandikwa "business use". Na kuna ya kubeba chakula au vifurushi vya watu kwa malipo, ambayo wanaiita "hire and reward". Hii ya mwisho ni bima yake kabisa, haimo ndani ya zile tatu, na ndiyo ghali kuliko zote kwa sababu mpeleka chakula yuko barabarani usiku, kwenye mvua, akikimbizana na dakika. Ukipeleka chakula kwa bima ya matembezi, kisheria ni kama huna bima.

Na si kweli kwamba hakuna anayekagua. Huku hakuna stika ya kubandika. Bima zote zimo kwenye hifadhidata moja, na kamera za polisi zinasoma namba zikikupita tu. Mfuko wa chakula mgongoni askari anauona kwa macho. Wanasimamisha, wanapiga simu kwa kampuni yako, wanauliza huyu ana bima ya kubeba chakula? Jibu likiwa hapana, pikipiki inapandishwa kwenye lori.

#4 Kijana wa Nyamagana

Mkuu, mimi ni kea kama wewe, nipo Wolverhampton. Nimekata ile ya kwenda na kurudi kazini. Nipo salama si ndiyo?

#5 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Mkuu, ukifanya kazi kwenye nyumba moja ya wazee, uko salama. Ukizunguka majumbani kama mimi, hapana, na nakuomba uwapigie simu kabla hujapanda kesho.

Hili ndilo lililonifanya niandike uzi. Kwenda na kurudi kazini maana yake kwa kampuni nyingi ni sehemu moja ya kudumu: nyumbani hadi kazini, kazini hadi nyumbani. Sisi wa majumbani tunatoka kwa mzee huyu kwenda kwa bibi yule, na hiyo ni safari ya kikazi. Mimi nilikaribia kukosea palepale. Mwenzangu mmoja alinielekeza nichague matembezi tu, kwa sababu bei inashuka, na yeye alikuwa amefanya hivyo mwaka mzima bila tatizo.

Novemba ile mwenzangu aliteleza kwenye kipilefti, majani yalikuwa yamelowa, akagonga ubavu wa gari dogo. Namshukuru Mungu aliumia kifundo cha mguu tu. Kampuni yake ya bima ikampigia, sauti ya upole kabisa, wakamuuliza ulikuwa unatoka wapi na unakwenda wapi. Akawaambia ukweli: natoka kwa mgonjwa mmoja nakwenda kwa mwingine. Wakaomba ratiba yake ya zamu. Mwenye gari alilipwa na kampuni, kama sheria inavyotaka, kisha kampuni ikamgeukia yeye irudishiwe hela. Pikipiki yake hawakulipa. Bima ikafutwa. Na tangu siku hiyo kila fomu anayoijaza inamuuliza, je, umewahi kufutiwa bima? Lazima ajibu ndiyo.

Yeye si mwongo. Ni baba wa watoto wawili aliyetaka kubana matumizi, na hakuelewa swali lina uzito gani. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu taarifa unazoipa kampuni ya bima inatofautisha kati ya aliyekosea kwa kutokuwa makini na aliyedanganya kwa makusudi. Wa kwanza anaweza kupunguziwa fidia kulingana na ada ambayo angepaswa kulipa. Wa pili kampuni inaweza kuifuta bima tangu mwanzo na kubaki na ada yake. Lakini kujitetea kwamba ulikosea tu, ukiwa umechagua matembezi na huku sare ya kazi iko mwilini, ni kazi ngumu.

Mimi niliwapigia nikaeleza kila kitu, nyumba ngapi, maili ngapi. Waliniongezea pauni 64 kwa mwaka. Pauni 64 tu, mkuu.

#6 Kijana wa Nyamagana

Nimepiga leo mchana. Kweli sikuwa nimefunikwa. Wameongeza pauni 71, wamenitumia karatasi mpya kwa barua pepe. Mungu akubariki.

#7 Mkulima wa Kyela

Wadau, kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp anakata bima pauni 350 mwaka mzima, hata ukiwa na leseni ya nyumbani. Anatuma na cheti. Watu watano kwenye kundi wamekata kwake. Kuna ubaya?

#8 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Huyo ni kishoka, ndugu yangu. Vishoka wa bima wapo kila jamii ya wageni huku, na wanatumia lugha yetu wenyewe kutupiga. Wanafanya moja ya mambo haya: cheti wanakitengeneza wenyewe kwenye kompyuta, au wanakata bima ya kweli kwa taarifa za uongo, umri mkubwa, leseni ya Uingereza ya miaka kumi, mtaa wa kijijini. Au wanaikata halali kisha wanaifuta baada ya siku chache na kuchukua marejesho. Wewe unabaki na karatasi nzuri yenye nembo.

Kuhakiki ni rahisi. Kampuni au wakala yeyote anayeuza bima kihalali utamkuta mtandaoni kwenye daftari la FCA, wasimamizi wa biashara za fedha na bima. Na namba ya pikipiki yako unaweza kuitazama bure kwenye tovuti ya Motor Insurers' Bureau, wanaotunza ile hifadhidata ya bima, uone kama ina bima leo. Bima mpya inaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana, kwa hiyo ukiwa umekata jana usishtuke, tembea na cheti chako. Lakini waliokata mwezi mzima uliopita na hawaonekani, waache kupanda leo hii.

Hata ikionekana, omba nakala ya taarifa zilizojazwa. Kama zimeandika umezaliwa Birmingham na wewe umetoka Kyela, bima hiyo itakuangusha siku ya ajali. Kwamba ulidanganywa na kishoka haibadilishi kosa la kupanda bila bima.

Na adhabu yake si ya kuchezea. Ukikamatwa barabarani bila bima ni faini ya pauni 300 na alama 6 kwenye leseni. Ukifikishwa mahakamani faini haina kikomo na unaweza kufungiwa leseni kabisa. Kosa linaandikwa IN10, linakaa kwenye leseni miaka 4, na kampuni za bima hata miaka 5 wanaliuliza. Kwa mtu aliyefaulu mtihani wake wa kwanza wa Uingereza, alama 6 ndani ya miaka 2 zinafuta leseni, anarudi kuanza na ya kujifunzia. Pikipiki nayo inashikiliwa, na ukienda kuitoa utalipia kuivuta na kila siku iliyolala pale. Jambo ambalo watu hawalijui: bima nyingi za kawaida hazikubaliki kutolea chombo kilichoshikiliwa, unakata nyingine maalumu. Usipoifuata kwa muda uliowekwa wanaiuza au wanaiponda.

#9 Mwanamji wa Kisauni

Habari zenu nyote. Mimi natoka Mombasa, naishi Reading. Bima nimepata ya pauni 780 lakini wataka nilipe zote kwa mpigo. Nilipoomba kulipa kila mwezi, walinikataa. Kosa langu ni lipi? Sina deni na mtu.

#10 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Huna kosa ndugu. Kulipa kila mwezi huku ni mkopo: kampuni ya fedha inalipa ada yote, wewe unairudishia na riba juu. Kwa hiyo wanakagua historia yako ya mikopo, na kutokuwa na deni popote siyo historia nzuri kwao, ni historia isiyokuwepo. Ukurasa mtupu tena, kama kwenye leseni.

Lakini kuna mlango ambao wengi wetu hatujui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huku kihalali wana haki ya kujiandikisha kupiga kura Uingereza. Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda imo. Ukijiandikisha kwenye daftari la wapiga kura la halmashauri yako, jina na anwani yako vinaonekana kwa wakaguzi wa mikopo, na hilo husaidia kweli. Ni bure. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi kwa bahati mbaya nchi zao si wanachama, wao waanze na akaunti ya benki na mkataba wa simu unaolipwa kwa wakati.

Mimi mwaka wa kwanza nilikopa kwa shemeji nikalipa yote kwa mpigo, nikamrudishia kidogokidogo bila riba. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, ni bora.

#11 Binti Makorora

Nimerudi. Nimeacha ule mpango, nimepata kazi ya kuajiriwa kwenye nyumba ya wazee, saa 16 kwa wiki. Skuta bado naihitaji maana zamu inaisha saa 4 usiku. Naona kuna bima za aina tatu, na tofauti kati ya ndogo na kubwa ni ndogo sana. Nyingine kubwa ni rahisi kuliko ndogo! Inakuwaje?

#12 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Hongera dada, nimefurahi sana.

Ndiyo, zipo tatu. Ndogo inalipa hasara ya mtu mwingine tu, na hiyo ndiyo sheria inayodai kwa uchache, tangu Sheria ya Barabarani ya 1988 na nyingine kabla yake. Ya kati inaongeza moto na wizi. Kubwa inafidia na chombo chako hata kama kosa ni lako. Bei kugeuka hutokea, kwa sababu kampuni inatazama ni watu wa aina gani huchagua ipi. Kwa hiyo usidhani, jaza zote tatu ulinganishe. Kwenye bei unayoiona kuna kodi ya serikali ya asilimia 12 ndani yake.

Tazama pia ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Wengine wanaipandisha ili ada ishuke. Kama skuta ina thamani ya pauni 900 na sehemu yako ni pauni 600, bima yako kubwa ni kubwa kwa jina tu.

Wizi uchukulie kwa uzito. Skuta mbili za mtaani kwangu zimebebwa mzimamzima, zimeinuliwa na watu wawili. Nunua mnyororo mzito wenye alama ya Sold Secure, wale wanaopima ubora wa makufuli, uufunge kwenye kitu kisichong'oka. Ukiandika kwenye fomu kwamba inalala gereji au inafungwa kwa mnyororo, basi iwe hivyo kila usiku, hata usiku wa uchovu. Siku ikiibiwa watauliza ilikuwa wapi. Mwenye nyumba wako akikukubalia kuiweka uani, andika uani, usiandike gereji.

Kwa kuwa kazi yako ni nyumba moja, kwenda na kurudi kazini inakutosha. Ukipewa hata zamu moja ya kuzunguka, piga simu kwanza.

#13 Mwanamji wa Kisauni

Swali la mwisho kwangu. Nilikuwa na bima Mombasa miaka sita, sikudai hata mara moja. Ile rekodi yafaa huku?

#14 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Kampuni nyingi hazikubali miaka ya nje, chache hukubali. Waombe Mombasa wakuandikie barua kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo, jina lako kama lilivyo kwenye pasi, tarehe za bima na kwamba hukudai. Kisha piga simu kwa mawakala wanaoshughulika na pikipiki peke yake, ongea na mtu, usitegemee tovuti za kulinganisha bei. Tovuti haina mahali pa kueleza. Mtu anayo masikio. Kama ile ilikuwa bima ya gari, tarajia waikatae kwa pikipiki.

Ukikosa, anza sifuri. Mimi nilianza sifuri. Mwaka wa kwanza pauni 910 na ile 64. Kabla CBT haijaisha nilifanya mtihani kamili: nadharia pauni 23, halafu sehemu mbili za vitendo, ya uwanjani pauni 15.50 na ya barabarani pauni 75 siku za wiki. Nadharia ni kwa Kiingereza au Kiwelisi tu, kwa hiyo asiye na uzoefu wa kusoma Kiingereza ajipe miezi. Niliposajili leseni kamili pamoja na mwaka mmoja bila kudai, kampuni tofauti ilinipa pauni 470, matumizi ya kikazi yakiwa ndani.

Msikubali bima ijiendeleze yenyewe mwaka ukiisha. Wiki tatu kabla, jazeni upya kila mahali. Na ukishakata ukaona umekosea kitu, una siku 14 za kughairi, watakata za siku ulizotumia na gharama ya karatasi, nyingine wanarudisha, mradi hujadai. Ukigombana nao kuhusu fidia, andika malalamiko rasmi kwao kwanza. Wiki 8 zikipita bila jibu la kuridhisha, peleka kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa migogoro ya wateja na kampuni za fedha. Kwako wewe ni bure.

#15 Mkulima wa Kyela

Tumetazama namba zote tano kwenye ile tovuti. Inayoonekana ina bima ni moja tu, na nakala ya taarifa zilizojazwa inasema mwenyewe ana miaka 46 na anaishi Cornwall. Ni kijana wa miaka 24, anakaa Luton. Jamaa ametoka kwenye kundi na simu haipokelewi. Watatu wameshaegesha. Huyo wa nne yuko kazini na pikipiki hivi sasa, tunampigia.

#16 MbagalaHadiCoventry (mwanzisha uzi)

Mwambieni aiache hapohapo alipo, apande basi kurudi. Nikitoka zamuni saa 3 usiku nitakupigia tupange namna ya kuripoti polisi na kukata bima halali kesho asubuhi, mmojammoja. Namba yangu umeshatumiwa kwenye ujumbe wa faragha.